Tiketi ya kutwa: barua ya wazi kwa wakuu wa TRC na LATRA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli Tanzania,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini,

Shikamooni, kama mmenizidi umri. Kama hamjanizidi, marahaba yangu naitanguliza. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Jiografia shule za msingi hapa Dar es Salaam kwa miaka 27, na sasa nipo Kipunguni nafundisha wajukuu, ambao hawalipi ada na hawapigi kelele kidogo.

Naandika kwa sababu nina deni. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa kati, mwenye miaka minane, hadi Morogoro kwa treni ya umeme, tukarudi jioni ileile. Alipatikana kwa kura. Niliandika majina matatu kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kofia yangu, nikachota kimoja, nikajifanya mtu wa haki. Wawili waliokosa hawakulia. Wangelia ningepata nafuu. Walikaa kibarazani wakatutazama tukiondoka na chupa yetu ya maji na mfuko wa vitumbua, na yule mkubwa akauliza kwa adabu kabisa, "Babu, zamu yetu sisi ni mwaka gani?"

Simlaumu mtu kwa hilo. Pensheni ni fupi na wajukuu ni warefu. Nauli iliyotangazwa treni ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima katika treni ya kawaida, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kwa mtu aliyewahi kukaa Kimara saa nzima akisoma maandishi ya nyuma ya lori moja, bei hiyo ni ya heri: karibu kilometa 200 chini ya saa mbili, bila jasho na bila konda. Msafiri wa kikazi haoni shida. Anakwenda leo, anarudi keshokutwa, na mara nyingi nauli si ya mfukoni mwake.

Ila mimi ni mwalimu, hesabu naimaliza. Mimi na mjukuu mmoja, kwenda na kurudi, 39,000. Mimi na wajukuu wote watatu, 65,000. Mama yao naye akija, ambaye anauza mitumba Karume na hajapumzika tangu Pasaka, 91,000. Hapo hatujapanda bajaji wala hatujala. Yaani nauli ya mtu mmoja ni nafuu na nauli ya nyumba moja ni mzigo, wakati matembezi, kwa desturi yetu, ni jambo la nyumba. Hakuna anayekwenda kutembea peke yake isipokuwa ana ugomvi na mkewe.

Sasa niwaeleze tulichokiona, maana ombi langu limo humo.

Kwa miaka 27 nilichora mto Ruvu ubaoni. Nilianza na milima ya Uluguru kona ya kushoto, kwa chaki ya kijani kama ipo, kisha nikateremsha mstari, nikaupokeza mto Ngerengere njiani, nikaufikisha Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Halafu nikawaambia watoto: maji mnayokunywa yanatoka hapa, yanavutwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanakuja mpaka bombani kwenu. Waliandika. Walifaulu mtihani. Nadhani hakuna aliyeniamini, kwa sababu kila mtoto wa Dar es Salaam anajua kwa macho yake kwamba maji yanatoka kwenye mkokoteni, dumu kwa dumu. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, sikuwahi kupeleka darasa hata moja kuuona mto wenyewe. Basi la kukodi lilikuwa na bei ambayo wazazi waliijibu kwa kunyamaza.

Siku ile tulipita Pugu asubuhi, nikamwonyesha upande iliko shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955. Akauliza kwa nini aliacha. Nikamwambia alipata kazi nyingine. Tukaipita Soga, nyumba zikaanza kuachana, mikorosho ikaja, minazi ikapungua. Nikajiandaa kama ninavyojiandaa mkaguzi akibisha hodi. Treni ilipokanyaga daraja la Ruvu nikamshika bega nikaanza, "Huu sasa ndio ule mto ambao..." na mto ukawa umekwisha. Treni hii imejengwa kukimbia hadi kilometa 160 kwa saa. Haingoji mwalimu amalize sentensi. Lakini alikuwa ameuona, na swali lake lilikuja papo hapo: "Mbona wa kahawia?"

Nikasema ngoja tufike.

Wanaoijua Morogoro wanajua stesheni mpya iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo tulichukua bajaji hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Pale nilimwonyesha kina mama wa Kiluguru walioshuka mlimani tangu alfajiri na mizigo ya mboga kichwani, shingo zimenyooka kama nguzo. Tukanunua parachichi mbili. Kisha tukapanda taratibu, mzee akipumzika na mtoto akingoja, hadi mahali ambapo kijito kinashuka juu ya mawe chini kabisa ya mlima. Akavua viatu, akatumbukiza miguu, akapiga kelele kwa baridi. Maji yale unaona hadi kokoto za chini.

"Haya ni maji yetu?"

"Ni yetu."

"Mbona haya meupe na yale ya kahawia?"

Ndugu zangu, somo la mmomonyoko wa udongo lilikuwa linanichukua vipindi vinne na mchoro mmoja, na siku ya mtihani nusu ya darasa waliandika kwamba mmomonyoko ni ugonjwa wa ngozi. Huyu alilielewa akiwa amekaa juu ya jiwe, anakula parachichi kwa kijiko cha kukopa. Nilimwonyesha mashamba yaliyopanda mteremko mkali juu yetu, nikamwambia afikirie mvua ikinyesha pale, kisha ahesabu kila kitu kilichopo kati ya jiwe lake na daraja la Ruvu: mashamba, mji, mifugo, wafyatua matofali. Akakaa kimya. Halafu akasema tukirudi atafunga bomba vizuri. Sikutarajia hilo, na sijui litadumu wiki ngapi.

Wazee wa Kizaramo husimulia kwamba mababu zao waliteremka pwani kutoka Uluguru. Basi maji yametoka kule, na watu nao wametoka kule, na sisi tuliobaki huku chini hatujapanda hata kusalimia.

Watu wa Morogoro wanauita mji wao mji kasoro bahari. Mjukuu wangu, ambaye amekua akiiona bahari bure, aliona hesabu hiyo imekaa vizuri: sisi tuna bahari kasoro mlima, wao wana mlima kasoro bahari, tubadilishane kwa siku moja. Wazo hili naliweka mezani kwenu kama lilivyotoka kinywani mwake, kwa sababu mimi lilinipita. Ombi langu lilikuwa la kupeleka watoto wa Dar juu. Yeye aliona na treni ya asubuhi inayoshuka. Kuna mtoto Kihonda, kuna mtoto Mwembesongo, kuna mtoto kule Kingolwira kwenye mkonge, ambaye anaiona treni ile kila siku ikielekea baharini na hajawahi kuiona bahari. Apande asubuhi, ashuke mjini Dar, avuke Kigamboni kwa pantoni kwa nauli ya sarafu, acheze na mawimbi, apite Makumbusho ya Taifa kama miguu ina nguvu, na jioni alale kwao akiwa na chumvi masikioni. Treni inakwenda pande mbili, na asubuhi moja mnaweza kuuza pande zote mbili.

Katika shule tuna bweni na tuna kutwa. Mwanafunzi wa kutwa halali shuleni, hana kitanda, hana sanduku la bati, hali uji wa usiku, kwa hiyo ada yake si ya bweni. Hakuna mzazi anayeona ajabu. Ninachoomba ni kwamba reli nayo iwe na msafiri wa kutwa. Huyu hana begi la kuwekwa juu. Hagombei treni ya mwisho ya Ijumaa. Anakwenda kutazama na anarudi kwake kulala, na akirudi anasimulia mtaa mzima, kazi ambayo mngeilipia pesa nyingi redioni.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 5 Julai 1841 seremala mmoja wa Uingereza, Thomas Cook, alizungumza na kampuni ya reli akapata treni ya kupeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough na kuwarudisha siku hiyohiyo, shilingi moja kwa kila mtu. Shilingi, jamani, jina tulilorithi. Safari yenyewe ilikuwa ya mkutano wa kupinga ulevi. (Kuna wazee wawili mtaani kwangu ningewalipia kwa furaha, ila Morogoro nako kuna vilabu.) Wengi wa abiria wale walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Cook aliona kitu ambacho wenye reli hawakuwa wamekiona vizuri: kwamba kuna kundi kubwa la watu ambalo halisafiri kabisa, na halisafiri kwa sababu hakuna aliyelipangia bei.

Mfano wa pili una ujamaa nasi. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, wakafika Kigoma 1914. Reli ile haikujengwa ili mtoto aulize kwa nini mto ni wa kahawia. Ilijengwa kwa ajili ya mizigo na utawala. Miaka 90 baada ya kuanza kazi hapa, mwaka 1995, kwao huko Ujerumani shirika la reli likaanzisha tiketi ya wikendi: marki 15, watu hadi watano, treni za mikoani tu, zile za polepole, si za kasi. Watu walijaa mabehewa hadi bei ikabidi ipandishwe mapema. Tiketi hiyo iliendelea, kwa bei zinazobadilika, hadi 2019. Nawaombeni muangalie jinsi ilivyofungwa kwa akili: haikugusa treni za haraka, wala haikugusa wafanyabiashara. Iliipa nafuu nyumba.

Basi ombi lenyewe, kwa ufupi. Tiketi moja ya kutwa, Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi siku hiyohiyo, au Morogoro hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa treni za kawaida tu. Treni za Mchongoko na nyingine za haraka ziacheni na wenye haraka zao. Iwe ya watu hadi watano wanaosafiri pamoja, wakubwa wasizidi wawili, kwa shilingi 50,000. Siku zenu za kujaa, Ijumaa na Jumapili jioni, ziondoeni. Likizo za shule zipeni kipaumbele. Majina yaandikwe kwenye tiketi, maana nawajua watu wa mjini: bila majina, ifikapo saa tano asubuhi kuna kijana pale nje ya stesheni anauza "kurudi" ya mtu mwingine.

Mtu wa hesabu atasema 50,000 dhidi ya 91,000 ni hasara ya 41,000. Namheshimu, lakini amehesabu familia ambayo haipo. Familia ile ya 91,000 haikupanda. Walikaa nyumbani, na kiti chao, kama kilikuwa wazi, kilikwenda Morogoro kitupu na kurudi kitupu, kwa umeme uleule na dereva yuleyule. Daftari la viti mnalo ninyi. Tazameni treni za katikati ya wiki, za mchana, behewa kwa behewa, kisha mseme kiti kilichokwenda bure kilileta shilingi ngapi.

Atasema pia kwamba reli hii imegharimu fedha nyingi za umma na lazima zirudi. Kweli kabisa. Nami ni mmojawapo wa umma wenyewe, na fedha zangu naziona zinapita pale Gongo la Mboto kila asubuhi kwa mwendo wa ajabu. Nataka kuzipanda zikiwa na wajukuu watatu.

Kwenu LATRA nina neno la peke yake. Nauli ya treni ya kawaida ilipangwa kwa shilingi 69.51 kwa kilometa baada ya kukusanya maoni ya wadau. Kwenye mikutano ya namna hiyo mara nyingi wanaosimama ni wenye kampuni, mawakili, na wale tunaowajua wanaosimama kila mkutano. Bibi anayetaka kupeleka wajukuu kuona mlima haji, kwa sababu hajui kwamba yeye ni mdau. Nauli mnazopanga zinapimwa kwa kilometa na kwa umri. Mtoto hulipa nusu, wala hakuna anayeuliza kama mtoto anatumia nusu ya umeme. Tayari mmekubali kwamba bei inaweza kumtazama mtu na hali yake. Naomba iongezwe hali moja tu, ya aliyepanda asubuhi na atashuka palepale jioni.

Na wakati mnaendelea kujadili, kuna kitu kidogo ambacho hakihitaji kikao. Katika nauli mlizozitangaza, kutoka Dar es Salaam hadi Pugu ni shilingi 1,000, hadi Soga 4,000, hadi Ruvu 5,000. Pugu kwa buku! Wangapi wanajua? Tangu treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile ambayo watu waliipa jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, nimewaona wazazi wakiwapandisha watoto Jumamosi bila safari yoyote, waende na kurudi tu, watoto wakichungulia dirishani kwa furaha ambayo hainunuliki Mlimani City. Hamu ipo siku nyingi. Bandikeni tangazo moja stesheni, lenye picha ya msitu wa Pugu na bei mbili kwa tarakimu kubwa, ya kwenda na ya kurudi, halafu mnione kama nawadanganya.

Madirisha ya treni mpya hayafunguki, na mimi ni wa kizazi cha daraja la tatu, tulionunua miwa na mayai ya kuchemsha dirishani treni ikiwa imesimama, tukapokea chenji ikiwa imeanza kuondoka. Hilo silidai lirudi. Chenji nyingine hazikufika.

Tulirudi jioni. Mjukuu alilala kabla ya Ngerengere, mdomo wazi, miguu ingali na matope ya Uluguru ambayo nilisahau kuyafuta. Nilimwamsha Ruvu ili auone tena mto, lakini giza lilikuwa limeingia, akatazama kioo akajiona mwenyewe, akalala tena. Tulipofika nyumbani wale wawili walikuwa macho. Aliwapa parachichi moja tuliyoibakiza, ikagawanywa mara tatu kwa kisu cha jikoni, kisha akaanza kuwafundisha habari za mto. Alikosea jina la Ngerengere mara mbili. Sikumsahihisha.

Likizo ya Desemba inakuja. Kofia ipo palepale kwenye msumari. Vikaratasi nimevitunza, vimebaki viwili, na mkubwa ameshaniuliza kama safari hii nitachota kimoja au vyote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu
Kipunguni, Dar es Salaam